Kofia ya Kijani Haikukiua Kiayalandi

Jumanne, tarehe 17 Machi 2026, Catherine Connolly aliiona Sikukuu ya Mtakatifu Patrick kwa mara ya kwanza akiwa Rais wa Ayalandi. Ni mwanasheria wa Galway aliyechaguliwa Oktoba 2025, na moja ya mambo yaliyompambanua ni kwamba Kiayalandi anakizungumza bila karatasi mkononi. Msimu huohuo, kule Chicago mto unatiwa rangi ya kijani, New York watu wanavaa kofia za kijani na ndevu nyekundu za plastiki, na baa za miji ambayo haijawahi kumwona Mwayalandi zinauza bia ya kijani. Hapo ndipo lawama za kila Machi zinaporudi, safari hii kwa nguvu mpya: kwamba sasa tunaona Ayalandi mbili, ya kweli inayoongea lugha yake Ikulu na ya uongo inayolewa barabarani, na kwamba hii ya pili ndiyo iliyoidhalilisha ile ya kwanza mpaka lugha ikakaribia kaburini.

Lawama hizo zinavutia kwa sababu zina mkosaji anayeonekana kwa macho, tena amevaa kijani. Mimi naona zimemkamata asiyehusika. Kofia ile ni kituko, mara nyingine ni tusi kabisa, lakini haijampokonya Mwayalandi hata neno moja. Lugha ilikuwa imeshajeruhiwa vibaya kabla kofia haijashonwa. Ilipopata dola ya kuitetea, dola hiyo ikaitukuza mpaka watu wakaiogopa. Na leo, pale ambapo bado inazungumzwa jikoni na kwenye foleni ya duka, kinachoitishia ni bei ya nyumba kuliko mzaha wa mlevi yeyote. Tena nitasogea hatua moja mbele: utani ni mmoja wa marafiki wachache waliobaki na lugha hiyo.

Tuanze na Patrick mwenyewe, maana hata yeye hakuwa Mwayalandi. Alikuwa kijana wa Uingereza ya wakati wa Warumi, akatekwa na maharamia kutoka Ayalandi akiwa na umri wa miaka kama 16, akachunga mifugo utumwani miaka sita, akatoroka, kisha akarudi kwa hiari yake kuwahubiria watu wa nchi iliyomfanya mtumwa. Hayo aliyaandika mwenyewe, kwa Kilatini. Nyoka anaosifiwa kuwafukuza hawakuwapo. Kisiwa kilitoka katika enzi ya barafu bila nyoka, na hakuna aliyevuka bahari baadaye. Sikukuu yake iliingia katika kalenda ya Kanisa mwanzoni mwa karne ya 17 kwa juhudi za Luke Wadding, Mfransisko wa Waterford. Hata rangi ya kijani si ya tangu enzi: nishani ya heshima iliyoanzishwa kwa jina lake mwaka 1783 ilikuwa ya bluu.

Gwaride, ambalo leo ndilo uti wa mgongo wa siku yenyewe, lilikulia ughaibuni. Boston wahamiaji walikusanyika kumwadhimisha mtakatifu wao mwaka 1737. New York gwaride linahesabiwa tangu 1762, na waliotembea mwanzoni walikuwamo wanajeshi wa Kiayalandi waliokuwa wakilitumikia jeshi la Uingereza, jambo ambalo wapenda uzalendo wa kijani hawapendi kulikumbuka. Ayalandi kwenyewe siku hiyo ilikuwa ya misa, mlo mzuri na jani la shamrock, mmea mdogo ulio nembo ya Ayalandi, kifuani. Ikawa mapumziko rasmi mwaka 1903. Taifa huru lilipopatikana, sheria ya 1927 ilifunga baa zote tarehe 17 Machi, na zikabaki zimefungwa hadi mwanzoni mwa miaka ya 1960. Mahali pamoja Dublin palipojulikana kuwa na kinywaji halali siku hiyo ni kwenye maonyesho ya mbwa ya Royal Dublin Society. Kwa hiyo kila mwaka watu wa heshima zao, wakiwamo wengi wasiojua kutofautisha mbwa wa kuwinda na wa kulinda, waliingiwa na mapenzi ya ghafla ya mbwa.

Mto wa Chicago nao ulianza kutiwa rangi mwaka 1962, na waliobuni hilo walikuwa mafundi bomba: rangi ile walikuwa wakiitumia kufuatilia majitaka yanayovujia mtoni. Dublin haikuwa na tamasha kubwa la kisasa mpaka 1996, serikali ilipoona aibu kwamba sherehe ya nchi yake inafana zaidi Marekani, ikaamua kuileta nyumbani. Basi hoja ya kwamba Wamarekani walichukua sikukuu safi ya Ayalandi wakaichafua ndiyo dhaifu kuliko zote. Sikukuu safi wanayoililia ilikuwa ya baa zilizofungwa na maonyesho ya mbwa. Sherehe tunayoijua ilitengenezwa na watu waliokwisha kuondoka. Na sisi wa Afrika Mashariki tuna ushahidi wetu kwamba Patrick husafiri kwa njia nyingi. Chama cha wamisionari wa Mtakatifu Patrick kilianzishwa Kiltegan tarehe 17 Machi 1932, na mapadre wake wamefanya kazi Kenya miaka mingi. Shule ya St Patrick's, Iten, ambako Bruda Colm O'Connell alifika 1976 akaishia kuwa kocha wa wakimbiaji kina David Rudisha, hakuna anayeihusisha na bia. Ila nimeona pia baa ya Westlands, Nairobi, ikigawa zile kofia bure, na hakuna mnywaji aliyeuliza Patrick ni nani.

Ipo hoja nzito zaidi upande huo, na haifai kupuuzwa. Picha ya Mwayalandi mlevi, mgomvi na mjinga haikubuniwa na wauza kofia. Karne ya 19 magazeti ya London, hasa Punch, yalimchora akiwa na taya la nyani. Ng'ambo ya Atlantiki, Thomas Nast wa Harper's Weekly, mchoraji anayesifiwa kwa kumpa Santa Claus sura tunayoijua, alimchora vilevile: chupa mkono mmoja, rungu mkono wa pili. Miaka ya 1970, mabomu ya IRA, kundi la Waayalandi lililopigana na utawala wa Uingereza, yalipokuwa yakilipuka Uingereza, vichekesho kuhusu Paddy mpumbavu, jina la kejeli la Mwayalandi, vilikuwa chakula cha kila siku kwenye klabu na televisheni za huko, na mfanyakazi wa Kiayalandi kwenye mjengo wa Birmingham alilazimika kuvicheka ili asionekane adui. Anayesema leo kwamba kofia na ndevu za plastiki ni kizazi cha michoro ile hasemi uongo. Ukoo unaonekana.

Lakini hoja hiyo inachanganya watu wawili ambao Mswahili hawezi kuwachanganya: mtani na mtu baki. Mtani wako anaweza kuja msibani kwako, akalala kwenye jeneza, akamsema marehemu kwamba alikuwa na deni la kila duka, na wafiwa wakacheka huku machozi yakiwatoka. Mtu baki akifanya hivyo atapigwa. Waayalandi wanaijua tofauti hiyo kwa undani, kwa sababu mikesha yao ya matanga ilikuwa na michezo na mizaha mikubwa kiasi kwamba maaskofu, kwa karne kadhaa, walitoa amri baada ya amri kuipiga marufuku, na watu wakaendelea. Mchoro wa Nast ulikuwa wa mtu baki. Mwayalandi wa Cork anayemcheka binamu yake wa Boston aliyekuja na sweta la sufu kutafuta kaburi la babu wa babu yake ni mtani. Kofia yenyewe imesimama katikati, si mtani wala mtu baki, ndiyo maana wengine inawaudhi na wengine wanaivaa.

Na utani wa Waayalandi kwa Kiayalandi, ukiutazama kwa karibu, haumlengi mlevi hata kidogo. Mwaka 1941 Brian O'Nolan, kwa jina la uandishi Myles na gCopaleen, alichapisha An Béal Bocht, kitabu cha kejeli kilichoandikwa kwa Kiayalandi fasaha. Ndani yake, serikali inatoa fedha kwa kila mtoto atakayeongea Kiingereza. Mzee mmoja hana watoto wa kutosha, anavisha nguruwe nguo, mkaguzi anachungulia kizani na kuwahesabu. Nguruwe mmoja anatoroka na nguo zake. Baadaye msomi kutoka Dublin anafika na gramafoni kukusanya ngano za wazee. Usiku, ndani ya kibanda kisicho na taa, anaingia yule nguruwe amelewa, anaanguka na kukoroma kwa lahaja isiyoeleweka. Msomi anarekodi yote kwa furaha isiyo kifani, maana amefundishwa kwamba Kiayalandi kizuri ni kigumu, na kilicho bora kabisa hakieleweki. Anaipeleka rekodi hiyo Berlin na kutunukiwa shahada.

Kejeli hiyo inajua adui yuko wapi. Wanaochekwa ni dola iliyolipa watu waache lugha, kisha msomi aliyeipenda lugha kuliko wanaoizungumza, wanaolala njaa mvuani huku yeye akiwasifu kwa utamaduni wao. O'Nolan aliandika hayo katika nchi ambayo miaka minne tu kabla, Katiba ya 1937, ibara ya 8, ilikuwa imekitangaza Kiayalandi kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi ya kwanza. Mtoto alikisoma tangu darasa la kwanza. Mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1970 aliyefeli Kiayalandi alikosa cheti cha kumaliza sekondari, hata kama amefaulu mengine yote. Ajira serikalini ilikidai. Kilikuwa lugha ya mtihani, ya fomu, ya padre na ya hotuba, na vijana wengi walikutana nacho kwanza kikiwa kwenye kalamu nyekundu ya mwalimu.

Matokeo yanasomeka kwenye sensa ya 2022. Watu 1,873,997, asilimia 40 ya waliojibu swali hilo, walisema wanajua Kiayalandi. Zaidi ya nusu yao wakakiri hawakizungumzi vizuri. Wanaokitumia kila siku nje ya shule walikuwa 71,968. Hizo si takwimu za lugha inayodharauliwa. Anayedharau lugha hajiandikishi kuwa anaijua. Ni takwimu za lugha iliyowekwa kabatini pamoja na vyombo vya wageni. Mwanasiasa wa Dublin anajua ada yake: anafungua hotuba na sentensi mbili za Kiayalandi, hadhira inatulia kama kanisani, kisha anahamia Kiingereza kwa ajili ya jambo lenyewe. Linganisha na Kenya. Rais anasoma hotuba ya Jamhuri kwa Kiingereza, uwanja umesinzia. Akikunja karatasi na kuanza Kiswahili, ndipo watu wanaamka, kwa sababu wanajua sasa kuna vijembe. Kiswahili kina matatizo yake hapa kwetu, lakini hakuna anayekiogopa kiasi cha kushindwa kutukana nacho.

Kwa hiyo ni nani aliyekijeruhi Kiayalandi hasa? Jibu ni la kuhuzunisha zaidi kuliko kofia, na halina mkosaji mmoja. Shule za taifa zilianzishwa mwaka 1831 na zikafundisha kwa Kiingereza. Njaa Kuu ya 1845 hadi 1852 iliua watu wapatao milioni moja na kuwasukuma zaidi ya milioni moja melini, na iliyofyekwa zaidi ilikuwa magharibi, kwa maskini, yaani kulekule lugha ilikokaa. Baada ya hapo kila mama alijua kwamba mwanawe huenda akaishia Boston au Liverpool, na kwamba tiketi haitoshi bila Kiingereza. Daktari William Wilde, baba yake Oscar Wilde, ameeleza alichokishuhudia magharibi mwa Ayalandi katikati ya karne hiyo. Ndani ya nyumba moja mtoto wa miaka kama minane alitamka kitu kwa Kiayalandi. Baba hakusema neno. Alimwita, akatoa kijiti kilichoning'inia shingoni mwa mtoto kwa uzi, akachonga alama nyingine kwa kisu. Wilde alipouliza, akaambiwa alama zikifika idadi fulani mwalimu wa shule atamwadhibu.

Aliyesoma shule ya msingi Kenya hahitaji kufafanuliwa hicho kijiti. Aliwahi kuvishwa kibao shingoni kwa kunaswa akiongea lugha ya nyumbani, akazunguka nacho akimtafuta mwenzake wa kumkabidhi kabla kengele haijalia. Cha kutisha katika simulizi la Wilde ni kwamba mwenye kisu ni baba, si mkoloni. Alimkatia mwanawe alama kwa mapenzi. Hakuna sheria ya lugha inayoweza kumshitaki mtu huyo.

Hapo ndipo ninapoiona kofia kwa jicho tofauti. Waliopanda meli wengi walifika New York wakiwa bado wanakiongea Kiayalandi wao kwa wao, lakini wajukuu wao walibaki na jina la ukoo, dini, nyimbo na hamu. Mtu aliyenyang'anywa namna ya kusema "sisi" kwa mdomo atatafuta namna ya kuisema kwa rangi, jani, ngoma na gwaride. Ukijani ulikuja kujaza pengo lililokwisha kuwapo. Kuulaumu kwamba umeleta pengo ni kugeuza miaka kichwa chini miguu juu, na pia ni ukatili kidogo kwa watu ambao mababu zao hawakuondoka kwa kupenda.

Watetezi wa sherehe nao wana hoja yao, na wanaivuta kupita kiasi. Wanasema kijani ni diplomasia. Ni kweli: tangu balozi John Joseph Hearne alipompelekea Rais Truman kisanduku cha shamrock mwaka 1952, zawadi hiyo imekua mpaka viongozi wa nchi yenye watu milioni tano na kidogo wakawa na mlango wa Ikulu ya Marekani karibu kila Machi, jambo ambalo mataifa makubwa zaidi wanalitamani. Mawaziri wa Dublin wanatawanyika dunia nzima wiki hiyo. Lakini faida hiyo ni ya biashara, utalii na siasa, na haijaongeza msemaji hata mmoja wa Kiayalandi. Anayesema sherehe ya dunia nzima inaibeba lugha anadanganya kama anayesema inaizika.

Kilichoisaidia kimetokea pembeni, na mara nyingi kikiwa kinacheka. Tangu 1902 kuna Seachtain na Gaeilge, yaani Wiki ya Kiayalandi, ambayo siku hizi inaanza 1 Machi na kuishia 17 Machi; ni wiki ya siku 17, na hakuna anayeona haja ya kurekebisha. Humo kuna chemsha bongo za baa, vichekesho vya jukwaani na mechi, kwa watu wenye Kiayalandi cha kuungaunga. Oktoba 1996, mwaka uleule wa tamasha jipya la Dublin, ilizaliwa televisheni ya Kiayalandi inayoitwa leo TG4. Iliyakwepa mahubiri, ikachagua katuni, soka la Kigaeli na tamthilia za familia zinazogombana. Siku hizi kuna Kneecap, kundi la rap lenye mizizi yake magharibi ya Belfast, mji mkuu wa Ayalandi Kaskazini, linalotukana kwa Kiayalandi, linalotaja madawa ya kulevya kwa Kiayalandi, na ambalo baadhi ya walimu wa lugha hiyo hawalipendi hata kidogo. Mimi mwenyewe sipendi kila wanalolisema. Lakini kijana wa miaka 17 anayejifunza matusi ya lugha kwa hiari yake ameshafanya jambo ambalo mtihani wa lazima haukufanikiwa kumfanyisha.

Hata hivyo kicheko hakilipi kodi, na hapa ndipo wachambuzi wa kofia wanapopitwa na habari yenyewe. Kiayalandi cha kila siku kinaishi Gaeltacht, yale maeneo ya pwani ya Galway, Donegal, Kerry na kwingineko ambako bado kuna watu waliokipokea kwa mama zao. Ni pwani nzuri kupita kiasi. Wanaokuja kutafuta asili zao, pamoja na wenye fedha wa Dublin, wanataka kulala palepale penye ukuta wa mawe na harufu ya moshi wa mboji. Nyumba inayopangishwa kwa usiku kwa watalii inalipa kuliko inayopangishwa kwa mwaka kwa fundi umeme wa kijijini na mke wake. Údarás na Gaeltachta, mamlaka iliyoundwa 1980 kwa ajili ya maeneo hayo, ilipewa hasa kazi ya kuleta ajira. Vijana wanaipata ajira, wanakosa pa kulala. Wanahamia mjini. Mjini watoto wao wanazaliwa katika Kiingereza, na nyumba waliyoikosa inabaki na kibao kizuri cha jina la Kiayalandi mlangoni.

Belfast iliwahi kuonyesha kinyume chake. Mwishoni mwa miaka ya 1960, familia chache za vijana ambao wengi wao walijifunza Kiayalandi ukubwani, zilinunua kiwanja Shaws Road na kujijengea nyumba pamoja, kwa sharti kwamba watoto watalelewa kwa lugha hiyo. Serikali ya Ayalandi Kaskazini wakati huo haikuwatambua. Mwaka 1971 wakafungua shule yao ya msingi bila senti ya serikali, ikiwa na watoto wasiozidi kumi. Leo magharibi ya Belfast ina shule za Kiayalandi kuanzia chekechea hadi sekondari, na wale marapa wanaowaudhi walimu wametokea katika mtaa uliojengwa juu ya uamuzi huo. Hakukuwa na Katiba iliyowaamuru wala mtihani uliowatisha. Kulikuwa na kiwanja, saruji na majirani waliokubaliana.

Rais Connolly hana mamlaka ya kupanga bei ya nyumba Connemara, pwani ya Galway ambako Kiayalandi bado kinazungumzwa. Cheo chake ni cha heshima zaidi kuliko utendaji. Wenye mamlaka hayo ni mawaziri, na wiki ya sikukuu wengi wao huwa safarini, wakigawa shamrock na kuwaalika wajukuu wa wahamiaji waje kuizuru pwani ya magharibi msimu ujao wa kiangazi.